Mama Umejuaje Aaga Chumba cha Vipimo

Baada ya miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na moja ya utumishi, Mpangaji Mkuu wa Majaribio na Uhakiki wa kituo chetu anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Hizo siku kumi na moja si mbwembwe zangu. Rasimu ya kwanza ya wasifu huu ilisema "miaka thelathini na minne hivi." Aliisoma, akalizungushia neno "hivi" duara jekundu, akanirudishia karatasi, akaendelea na chai yake.

Mimi ni fundi wa tangi la ombwe, lile tunalolifyonza hewa yote, na nimefanya naye kazi miaka ishirini na miwili. Wahariri wa jarida letu wameniomba niandike kwa sababu, wanavyodai, mimi ndiye niliyegombana naye mara nyingi kuliko wote. Sikuweza kukanusha.

Humu kituoni hakuna anayemwita kwa cheo. Ni Mama Umejuaje. Jina hilo alijipa mwenyewe bila kukusudia, katika wiki yake ya kwanza kazini. Mhandisi mmoja wa umeme, mtu mwenye sauti nzito na digrii mbili, alisimama mkutanoni akatangaza kwamba kifaa chake kitastahimili baridi ya huko juu angani bila tatizo lolote. Binti mgeni aliyeketi karibu na mlango akanyoosha mkono. "Samahani kaka," akauliza kwa upole kabisa, "umejuaje?" Mhandisi akapekua karatasi zake mara mbili, akaketi. Kuanzia siku hiyo akawa Dada Umejuaje. Alipopata mtoto wa kwanza akapanda na kuwa Mama Umejuaje. Tangu mwaka juzi, alipopata mjukuu, wapo wanaojaribu kusema Bibi Umejuaje, ila kwa sauti ya chini na wakiwa tayari kukimbia.

Alikuja kwetu akitokea karakana ya kukagua mizani na vipimajoto vya hospitali. Huko, anasema, ndiko alikojifunza kwamba kipimajoto kinaweza kukudanganya mchana kweupe bila aibu, na kwamba dawa ya kipimajoto mwongo ni kipimajoto cha pili. Aliajiriwa kama karani wa vipimo. Mwaka wa nne akawa mpangaji msaidizi, mwaka wa kumi na mmoja akakabidhiwa idara nzima ya mipango. Vifaa vya kisayansi kumi na vinane vilivyopita mikononi mwake vimeondoka duniani. Kumi na sita vilifanya kazi iliyokusudiwa. Kimoja kiliteketea pamoja na roketi iliyokibeba, nacho hataki kitajwe kwa mzaha. Kimoja bado kiko njiani.

Kwa ndugu na jamaa watakaosoma ukurasa huu kwenye sherehe, kazi yake ni hii. Kifaa kikishapaa, hakuna fundi atakayekifuata na bisibisi. Kilichosahaulika kimesahaulika. Kwa hiyo kabla hakijaondoka, kila ahadi tuliyoitoa juu yake lazima ithibitishwe, na mtu mmoja lazima apange ithibitishwe vipi, lini, kwa mpangilio gani na nani atakuwepo. Mtu huyo huandika jedwali. Kila ahadi ina mstari wake, na mwisho wa mstari kuna nafasi ya kujaza njia ya uthibitisho: tutakipima kwelikweli, tutakokotoa kwa hesabu, tutakagua kwa macho, au tutakiwasha tukione kikifanya. Kifaa cha ukubwa wa sanduku la viatu kinaweza kuwa na mistari mia tatu. Mama Umejuaje huikumbuka kwa namba, kama mwalimu mkuu anavyowakumbuka watoto watukutu.

Jambo la kwanza alilobadilisha alipokuwa msaidizi lilikuwa mpangilio. Kabla yake, majaribio yalifanyika kufuatana na mashine ipi haina foleni. Tangi likiwa tupu, tunaanza na baridi. Meza ya mtikisiko ikiwa tupu, tunaanza na kutikisa. Yeye akauliza kwani kifaa kikisafiri kinakutana na nini kwanza. Roketi hutikisa kwanza, ndipo ombwe na baridi vinafuata. Kama kuna waya utakaolegezwa na mtikisiko, ni baridi itakayokuja kuukata baadaye, kwa hiyo ukianza na baridi hutaiona kasoro hiyo kamwe. Ni jambo dogo, na ukishaambiwa unajiona mjinga kwa kutoliwaza. Walijiona hivyo wengi, na kwa muda hawakumpenda sana.

Ukali wake, hata hivyo, ulikuwa na kicheko ndani yake. Mwaka wangu wa pili, wakati kamera ikiwa juu ya meza ya mtikisiko, ilisikika kelele kali ya chuma kugonga chuma. Kazi ikasimamishwa. Watu kumi na wawili wakaizunguka kamera na tochi kwa siku moja na nusu, na mhandisi wake akakonda mbele ya macho yetu. Mwishowe Mama akaomba meza itikiswe tena bila kamera. Kelele ikawa palepale. Akatembea polepole chumba kizima, akasimama mbele ya kabati langu la vifaa, akavuta droo. Zilikuwa funguo zangu za nyumbani. Ripoti aliyoiandika ipo hadi leo kwenye maktaba yetu, na ina sentensi hii: "Chanzo cha kelele: funguo za fundi. Hatua iliyochukuliwa: fundi ameshauriwa."

Msidhani alikuwa anawaandikia wengine tu. Kwenye mlango wa chumba kisicho na vumbi kuna tangazo lake linalokataza manukato, mafuta mazito ya nywele na kula chochote ndani ya hatua kumi. Siku moja alikutwa hatua ya saba akitafuna karanga. Aliyemkuta alikuwa mfagizi, ambaye angekubali kabisa kusahau. Mama alikwenda mezani, akachukua fomu ya ukiukaji, akaijaza kwa jina lake mwenyewe, akaibandika ubaoni. Kwenye nafasi ya "sababu" aliandika: "Njaa."

Na hatuwezi kumtaja bila kumtaja mumewe, ambaye kituo kizima humwita Shemeji. Shemeji ni fundi cherehani. Miaka kumi na sita iliyopita, mablanketi membamba ya kung'aa yanayovishwa vifaa ili kuvikinga na baridi yalikuwa yakichanika kwenye kona kila tulipoyatikisa. Wahandisi walibadilisha uzi mara tatu. Mama alirudi nyumbani akiwa amenuna, akamweleza mumewe mezani, naye akaomba kuonyeshwa kipande kibovu. Akakigeuza mara moja tu. "Mnashona kona kama mnashona foronya," akasema. "Hii inatakiwa ipunguzwe kama bega la koti." Wiki iliyofuata alikaribishwa rasmi, akavalishwa vazi jeupe kuanzia kichwani hadi miguuni, akawafundisha wahandisi watano kupunguza bega la koti. Tangu hapo hakuna kona iliyochanika. Shemeji, ahsante sana. Na samahani kwa zile jioni ambazo chakula kilipoa ukimngoja.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi mmelisikia nusunusu, na ambalo yeye mwenyewe ameniruhusu nilieleze lote.

Miaka kumi na moja iliyopita tulikuwa tumemaliza kifaa cha kuhesabu na kuchunguza vumbi la nyotamkia. Kilikuwa kimechukua miaka tisa. Kilitakiwa kusafiri miaka saba mingine kikiwa kimefunikwa, halafu kikifika, komeo dogo liachie, springi isukume, kifuniko kifunguke. Kifuniko kisipofunguka hakuna cha kuhesabu. Kitakuwa sanduku la bei mbaya linalozunguka gizani. Mstari wa 118 wa jedwali ulisema kifuniko kitafunguka kwenye baridi ya nyuzi mia moja na ishirini chini ya sifuri.

Msimu tulipokuwa tukikipima, mabomba ya baridi ya tangi langu yalikuwa yamefunguliwa kwa matengenezo, na tangi liliweza kufika nyuzi sitini tu. Kwenye sitini kifuniko kilifunguka vizuri mara kumi kati ya kumi. Kwa baridi iliyobaki, kanuni zilimruhusu mpangaji kutumia hesabu, mradi komeo liwe la aina ambayo tumeshaitumia. Lilikuwa la aina hiyo. Mama akaandika "kwa hesabu" mwishoni mwa mstari wa 118, akatia sahihi. Kazi ikaendelea. Kifaa kikapita majaribio yote, kikafungwa ndani ya kasha, na mkuu wa mradi akatupigia makofi. Mkuu huyo tulimwita Bwana Ratiba, kwa kuwa alivaa saa mbili, moja ya hapa na moja ya kule roketi itakakopaa.

Zikiwa zimebaki siku kumi lori lije, Jumatano saa tano asubuhi, Mama alikuwa akipanga faili la mwisho la vyeti, kazi ya kuchosha ambayo angeweza kumwachia yeyote. Akafikia karatasi ya muuzaji wa makomeo. Ilikuwa ukurasa mmoja, na chini yake kulikuwa na namba ya grisi iliyopakwa ndani ya komeo. Namba ya grisi kwenye makomeo ya zamani iliishia na nne. Hii iliishia na saba.

Aliniambia baadaye kwamba aliisoma mara tatu, halafu akaenda kunawa mikono ingawa haikuwa michafu. Aliporudi alitafuta maelezo ya grisi ile mpya. Ilikuwa grisi nzuri sana. Watengenezaji waliisifia kwamba inafanya kazi hadi nyuzi themanini chini ya sifuri. Hawakusema chochote kuhusu mia moja na ishirini.

Fikirini alikuwa amekaa na nini mbele yake. Kasha limefungwa. Makofi yamepigwa. Hakuna mtu mwingine kituoni aliyeijua namba ile, na huenda asingekuwepo wa kuijua milele. Zaidi ya hapo, kiti cha mkurugenzi wa majaribio kilikuwa wazi mwaka ule, na sote tulijua kinamsubiri yeye. Kifuniko kingeweza hata kufunguka. Grisi si ukuta. Alikaa hapo, anasema, kwa dakika arobaini. Kisha akaomba kikao.

Nilikuwepo. Bwana Ratiba alisikiliza hadi mwisho, akazivua saa zake zote mbili, akaziweka mezani.

"Mama, kasha limeshafungwa," akasema. "Wenzetu wanaounda chombo hawatungoji hata siku moja. Tukichelewa, mahali petu watafunga kipande cha chuma chenye uzito uleule, na nyotamkia itapita bila sisi. Hiyo ni miaka tisa ya watu mia moja na arobaini."

"Najua, Mkuu."

"Nani aliyekubali hesabu badala ya jaribio?"

Angeweza kumtaja muuzaji, aliyebadilisha grisi bila kutuandikia hata barua. Angeweza kulitaja tangi langu na mabomba yake. Asingekuwa amesema uongo, na mimi nilishainama nikisubiri kutajwa.

"Mimi," akasema. "Sahihi ni yangu. Na ile karatasi ya grisi imekaa mezani kwangu miezi minne sijaisoma. Nimekosea mimi."

Katika miaka yangu yote ya mikutano nilikuwa nimesikia "kumetokea hitilafu," "kulikuwa na mawasiliano hafifu," "mazingira hayakuruhusu." Ile sentensi yake sikuwahi kuisikia ikitamkwa na mtu mzima aliyevaa kitambulisho.

"Unataka siku ngapi?" akauliza Bwana Ratiba.

"Tisa."

"Na kikifunguka vizuri? Tutakuwa tumehatarisha kila kitu bure."

"Kikifunguka nitafurahi kuliko nyote, na mtanisimanga mpaka nistaafu."

Mtu mmoja akacheka kwa woga. Bwana Ratiba hakucheka. Alichukua saa zake akazivaa tena, moja baada ya nyingine, akasema, "Anza."

Kifaa kile kilikuwa na pacha wake, nakala kamili tuliyoiweka akiba. Tulimwingiza pacha ndani ya tangi mchana uleule. Mabomba yalikuwa yameshatengenezwa, na siku ya tatu, saa nane mchana, tulifika mia moja na ishirini. Mimi ndiye niliyebonyeza kitufe. Kupitia kidirisha cha tangi tuliona komeo likiachia, springi ikajikaza, na kifuniko kikainuka unene wa ukucha. Kikasimama hapo. Tukasubiri. Nikabonyeza tena, na tena. Hakikusogea.

Nilimtazama. Sikuona mtu aliyeshinda ubishi. Midomo yake ilikuwa imekauka na mikono imeshikana. Alikuwa ameomba, nadhani kwa moyo wote, awe mjinga wa kituo kwa miaka iliyobaki. "Haya," akasema taratibu. "Sasa tunajua."

Zilibaki siku sita, na hapa ndipo nilipoelewa kwa nini mwanamke huyu anaitwa mpangaji. Mafundi wa makomeo walisema wanaweza kuisafisha grisi yote na kupaka badala yake unga mkavu unaoteleza, ambao baridi haiugandishi. Sawa. Lakini ukishafungua kifaa na kubadilisha kitu, nini kipimwe upya? Bwana Ratiba, ambaye kwa miaka yote alikuwa akimlilia Mama apunguze majaribio, sasa hofu ilikuwa imemwingia hasa. Alitaka kila kitu kirudiwe, mistari yote. Ingechukua wiki saba.

"Hapana," Mama akamwambia. "Hofu si sababu ya kupima, Mkuu. Niambie mstari mmoja ambao unga huu unaweza kuugusa, nitaupima. Usioguswa, siupimi."

Wakakaa na jedwali. Mistari mia mbili na themanini na tisa. Alipitisha rula chini ya kila mmoja na kuuliza, na penye jibu akaweka alama. Ilibaki mistari sita. Kisha akanigeukia akaniuliza kama tangi langu linaweza kubeba vifaa viwili kwa mpigo. Nikasema linatosha ila haijawahi kufanyika. Akasema, "Fundi, sikukuuliza historia." Basi tuliwatikisa wote wawili, pacha na mwenyewe, siku ya tano, kwa sababu roketi hutikisa kwanza. Siku ya sita tukawaingiza tangini pamoja. Alipanga zamu zetu kwenye karatasi moja, na kwenye zamu hizo aliandika pia saa za kulala za kila mtu, akasimamia zifuatwe. Mimi nilifukuzwa tangini mara mbili kama kuku jikoni.

Siku ya nane, saa nne asubuhi, tulifika mia moja na ishirini. Tulianza na pacha. Kifuniko kikaruka kama kimeitwa kwa jina. Halafu chenyewe, kile cha kusafiri. Nilibonyeza mara moja. Kikafunguka. Bwana Ratiba, mtu mzima mwenye wajukuu, alikaa sakafuni. Mama akaandika saa na nyuzi kwenye daftari, akafuta maneno "kwa hesabu" kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika "kwa jaribio," akatia sahihi upya. Siku ya tisa adhuhuri kasha lilifungwa tena. Lori lilikuja asubuhi iliyofuata, na dereva akalalamika kwamba lango letu ni jembamba.

Mwaka ule hakupewa kiti cha mkurugenzi. Alipewa mwingine, mtu mwema, na barua ilisema jambo fulani kuhusu "umakini katika nyaraka." Sitaki kupamba: lilimuuma. Shemeji alituambia alikaa siku tatu bila kuimba, naye huimba akiosha vyombo. Siku ya nne alikuja kazini na somo jipya la kuwafundisha waajiriwa wageni. Amelifundisha kila mwaka tangu hapo, na kichwa chake ni "Mstari wa 118: Kosa Langu." Huwaonyesha karatasi yenyewe, na namba yenyewe, na sahihi yake mwenyewe. Huwaambia hakuna jedwali litakalowaokoa mahali ambapo watu wanaogopa kusema.

Miaka saba baadaye kifaa kilifika. Tulikusanyika ukumbini alasiri. Amri ya kufungua ilikuwa imeshatumwa, na jibu lilihitaji dakika ishirini na sita kutufikia. Kisha kwenye skrini ikatokea chembe moja ya vumbi, halafu nne, halafu zikaja kama mvua kwenye bati. Watu walirukaruka na kukumbatiana. Yeye alimgusa bega mtu wa takwimu akauliza kifuniko kilikuwa kwenye nyuzi ngapi kilipofunguka. Mia moja na kumi na saba chini ya sifuri. Akaiandika. Mstari uleule, kwa wino uleule. Ndipo akavua miwani akalia, na sisi tukajifanya tunatazama skrini.

Bwana Ratiba, aliyekuwa ameshastaafu na magoti yakimsumbua, alimpigia simu jioni hiyohiyo. Mama aliweka sauti wazi ili tusikie sote. "Mama," mzee akasema, "nilikuchukia siku tisa kamili. Naomba radhi kwa zote." Akajibiwa kwamba ni nane na nusu, kwa sababu siku ya mwisho alionekana akitabasamu.

Nina deni langu binafsi la shukrani, na nitalitaja kwa kifupi maana sijawahi kulitaja hadharani. Miaka minne iliyopita, nikiwa peke yangu mchana ndani ya chumba kisicho na vumbi, nilikaza bolti ya mguu wa kamera. Spana ikapita kidogo kipimo, na nikasikia mlio mdogo, kama kijiti kikivunjika ndani ya nyasi. Nilikagua na tochi. Hakuna kilichoonekana. Nilikuwa na miaka kumi na minane ya rekodi safi, na cheo cha fundi mkuu kilikuwa kinajadiliwa wiki ileile. Niliweka spana chini. Nikavua glovu. Nikakumbuka waajiriwa wale wageni darasani wakiitazama sahihi yake, nami nikaenda hadi ofisini kwake. Nikamwambia, "Mama, nadhani nimeharibu."

Hakuinua hata nyusi. "Ahsante," akasema. "Vuta kiti. Tuanze mwanzo." Mguu ule ulipopigwa picha ya eksirei ulikuwa na ufa wa urefu wa punje ya mchele. Ulibadilishwa. Kamera ile leo inapiga picha, na zimetundikwa kwenye korido tunayopita sote kila asubuhi. Cheo nilikipata pia, mwaka mmoja baadaye, kwa barua ya mapendekezo aliyoiandika yeye. Katika barua hiyo ile bolti imetajwa, kama sifa.

Si mimi tu. Niliwauliza wenzangu wakati naandika haya, na watu saba walinivuta pembeni, kila mmoja kwa wakati wake, kunisimulia siku aliyoingia ofisi ile akiwa na jambo zito na kutoka akiwa na mpango. Saba waliosema. Waliobaki wanajijua.

Mama Umejuaje anakabidhi idara kwa watu watatu aliowalea, na amewaachia mwongozo wa kurasa arobaini ambao tayari wana maswali nao, jambo ambalo limemfurahisha kupita kiasi. Amesema atapumzika mwezi mmoja, kisha ataanza kujifunza ushonaji kwa Shemeji. Shemeji ameniambia pembeni kwamba anaogopa sana. Ameendesha cherehani miaka arobaini na hajawahi kuulizwa amejuaje kama mshono umenyooka. Kuna pia mjukuu wa kulea na bustani ya mboga, na dada yake mkubwa anayemdai matembezi ya miaka mingi.

Mama, kwa niaba ya mafundi, wahandisi, makarani, walinzi na wafagizi wa kituo hiki: tunakushukuru. Tunakushukuru kwa maswali, kwa ukali, kwa utani, na kwa kutufanya tuwe watu ambao tunaweza kuaminiana tukiwa kwenye vazi jeupe lisiloonyesha sura. Pumzika bila haraka. Afya iwe nawe, usingizi uwe mtamu, nyumba yako isikaukiwe kicheko, na mjukuu wako akusumbue kwa maswali usiyo na majibu yake.

Kile kifaa chako cha mwisho kilipaa Novemba iliyopita, na kitafika kule kiendako baada ya miaka mitano na miezi minne. Siku hiyo tutaleta gari mlangoni kwako, saa tatu kamili asubuhi, na viti viwili vya mstari wa mbele vitakuwa vyako na Shemeji. Uishi maisha mema mpaka siku hiyo, Mama, na mengi baada yake.